Umeme wa Kupumulia

3 Juni

Umeme umekatika tena wakati Evariste anakunywa chai yake ya kakao. Mashine ililia ule mlio wake mrefu, ikanyamaza, naye akaweka kikombe chini taratibu bila kumwaga hata tone. Amezoea. Mimi ndiye sijazoea. Nilikimbilia mtungi wa oksijeni wa akiba, nikafungua koki, nikamhamishia mpira wa puani, kisha nikatoka nje kuvuta kamba ya jenereta. Leo ilikataa kuwaka mpaka bega likaniuma.

Daktari wa Roseau, mji mkuu, alishatueleza waziwazi kwamba mapafu ya mume wangu hayatapona. Vumbi la kile kiwanda cha Toronto, alikofanya kazi tangu ujana wake, limekaa humo na litakaa humo. Kilichobaki ni kumpa oksijeni, mchana na usiku. Oksijeni inatoka kwenye mashine, na mashine inataka umeme. Hapa kijijini Lazare umeme hukatika mvua ikinyesha, hukatika upepo ukivuma, na hukatika hata kukiwa shwari. Msimu wa vimbunga ndiyo kwanza unaanza.

Tumekubaliana leo. Tutaweka umeme wa jua. Nitajaribu kuandika yanayotokea, kwa sababu mtu wa kumweleza sina. Nimeishi hapa miaka kumi na moja tangu Evariste aliponileta kwao kutoka Kanada, na bado wakinisalimia hupunguza sauti kidogo, kama mtu anayeingia nyumba asiyoijua.

10 Juni

Fundi amekuja. Anaitwa Kelvert, anatoka upande wa pili wa kisiwa, mwanamume mrefu mwenye maneno mengi. Alipanda paani akitania, akashuka kimya. Nikajua kuna jambo.

"Paa lenu halina neno," alisema. "Neno liko pale."

Alikuwa ananyooshea kidole mshelisheli.

Mti huo umesimama mpakani, kati ya kiwanja chetu na cha Sylvanie, wifi yangu, dada mkubwa wa Evariste. Mama yao aliupanda kabla hawajazaliwa. Kivuli chake kinalala juu ya paa letu tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na upande wa pili wa paa unatazama mlima, hauna faida. Nilimwuliza Kelvert kama kupunguza matawi kungetosha. Akasema paneli zote huungwa pamoja, hivyo kivuli kikigusa moja, zote hulegea. Tena mshelisheli ukiupunguza leo, mwakani umerudi ulivyokuwa. Tuchague mti au umeme.

Nusu ya kijiji inakula mti ule. Ukizaa, Sylvanie huchoma mashelisheli juu ya makaa uani kwake mpaka maganda yawe meusi, harufu inatuingilia ndani, na kila apitaye njiani huondoka na moja. Hajawahi kumuuzia mtu.

Kelvert alipoondoka, Evariste aliutazama ule mti muda mrefu kutoka barazani. Sikumwuliza anawaza nini.

12 Juni

Evariste amesema amezungumza na dada yake, na amekubali. Nilishangaa. Nilimwuliza alisemaje hasa. "Alisema mti ni mti tu," akanijibu. Nilitaka kwenda kumshukuru, lakini asubuhi Sylvanie amekwenda Roseau kwa binti yake Jozelle, ambaye amejifungua. Atakaa huko siku kadhaa.

17 Juni

Augustin amekuja na msumeno wake wa mashine. Kila mti unaokatwa Lazare hukatwa na yeye. Aliuliza kama Ma Sylvanie anajua. Nikamwambia anajua. Akanoa msumeno, akauliza tena. Nikamjibu kwa ukali kidogo.

Kazi imechukua siku nzima. Alianza na matawi ya juu, akayashusha kwa kamba. Utomvu mweupe ulichuruzika kwenye gogo ukaganda kwenye nyasi. Mashelisheli machanga, makubwa kama ngumi, yalitapakaa uani kote. Wanawake walikuja na vikapu kuokota yale yanayofaa, na hawakupiga soga kama kawaida yao.

Jioni mwanga uliingia jikoni mwangu, mwanga ambao sikuwahi kuuona humo. Nilisimama katikati yake nikafurahi. Naandika kama ilivyokuwa.

18 Juni

Mvua.

23 Juni

Sylvanie amerudi. Nilikuwa naanika nguo nilipomwona amesimama barabarani, mkoba ungali begani, anatazama mahali ambapo hapana kitu. Alikaa hivyo muda. Kisha akaja hadi kwenye kisiki, akainama, akakipapasa kwa kiganja, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Nani alisema?" aliuliza. Hakupandisha sauti.

Nilimwambia Evariste ndiye aliyenieleza kuwa yeye mwenyewe alikubali. Akageuka akamtazama ndugu yake barazani. Evariste alikuwa anaangalia mikono yake. Sylvanie alifungua mdomo, akaufumba.

"Basi," alisema. "Kama nilikubali, nilikubali."

Akaingia kwake akafunga mlango. Sylvanie hafungi mlango mchana.

Tulipokuwa tunakula nilimwambia Evariste kwamba dada yake ni kigeugeu. Anakubali akiwa na furaha ya mjukuu, akirudi anatununia. Alikula kidogo sana.

2 Julai

Paneli zipo bandarini. Kelvert alisema leo. Hakuja.

5 Julai

Hakuja.

9 Julai

Amepiga simu. Gari lake bovu. Juma lililopita aliuguliwa na shangazi, na lile la kabla yake palikuwa na ubatizo. Nilimwambia mume wangu hapumui kwa visingizio. Akasema, "Nakuja, Bi Lorna," kwa sauti ya mtu aliyeumia. Sikumhurumia.

11 Julai

Nimekutana na Sylvanie njiani. Nilimsalimu. Aliinamisha kichwa, kama anavyowaitikia watalii.

19 Julai

Zimewekwa. Nane, nyeusi, zinang'aa kama maji ya kisima. Kelvert alizifunga kwa bolti ndefu mpaka kwenye mbao za paa, siyo kwenye mabati tu. Alinionyesha jinsi ya kuzima kila kitu cha paani kimbunga kikija. Betri zimepangwa ukumbini. Ukutani pana kisanduku chenye kioo kinachoonyesha umebaki umeme kiasi gani.

Jioni tulikata kwetu umeme wa kijiji kwa makusudi. Mashine haikukatika hata kidogo. Evariste alikaa akiisikiliza na macho amefumba, na machozi yakamtoka. Nilidhani ni furaha. Jenereta tumemuuzia mtu wa kijiji cha chini.

4 Agosti

Mchana kutwa kijiji kilikuwa gizani na sisi hatukujua, mpaka nilipotoka nikasikia redio zote kimya.

15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Kanisani Sylvanie alihamia benchi la upande mwingine. Nikitoka nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu anasema wageni hukata, halafu huenda zao. Hakujali kama nimesikia. Nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo mpaka nyumbani. Nilipofika nikamwambia Evariste kwamba nimechoka na dada yake, na kwamba mti umekuwa kisingizio tu, kumbe mtu asiyetakiwa ni mimi.

Akasema, "Siyo wewe, Lorna." Akaanza kukohoa na mazungumzo yakaishia hapo.

29 Agosti

Mvua tangu juzi. Kikohozi kimezidi. Anataka kiti chake kigeuzwe asitazame uani. Nimekigeuza.

12 Septemba

Redio inasema kimbunga kinakuja. Kelvert amepiga simu kunikumbusha swichi za kuzima, moja baada ya nyingine, na ameahidi kuja kukagua nyaya kikishapita. Nilikwenda kwa Sylvanie kumwomba aje alale kwetu, maana kuta zetu ni za matofali na zake ni za mbao. Alikuwa anafunga madirisha kwa mbao na misumari mdomoni. Akaitoa, akasema atakwenda kanisani na wenzake.

13 Septemba

Hakuna upepo. Ndege hawasikiki.

15 Septemba

Tu hai. Sitaandika mengi ya usiku ule, ila kwamba sikujua upepo unaweza kuwa na uzito. Uliisukuma nyumba kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Nilikaa sakafuni nimeshika miguu ya Evariste, na katikati ya kelele zote ile mashine iliendelea kunguruma, ikinywa betri. Bila hiyo ningekuwa naandika jambo jingine.

Asubuhi nilitoka nikakuta mlima umekuwa wa kahawia. Hakuna jani. Barabara ya mjini imefukiwa na udongo pande zote mbili, nguzo za umeme zimelala kama njiti. Paneli tatu zimeng'oka na bolti zake na vipande vya mbao, zimekwenda nisikokujua. Tano zimebaki. Nusu ya paa la Sylvanie haipo. Anaishi kwenye chumba kimoja, turubai juu.

Migomba yote chini. Mishelisheli ya Lazare yote imelala mizizi juu. Augustin alisema wetu ungeiangukia nyumba na sisi tumo ndani. Nilidhani neno hilo litamfariji Sylvanie, nikamwambia.

"Ungeanguka, ungeangushwa na upepo," alisema. "Upepo si ndugu yangu."

16 Septemba

Wingu zito, mvua nyepesi isiyokatika. Kisanduku cha ukutani kinashuka. Nimezima friji, nimezima taa, kila kitu ila mashine. Mtungi wa akiba ulishaisha, na hujazwa mjini tu. Nyama tumewapa watu.

17 Septemba

Tangu asubuhi watu walikuwa getini. Mtandao wa simu unapatikana juu kwenye kilima, wamegundua, lakini simu zote zimekufa, na umeme katika kijiji kizima uko kwangu tu. Kila mtu ana mtu wake, Roseau, Guadeloupe, Uingereza, ambaye hajui kama yeye yu hai.

Nilifunga geti. Niliwaambia pole, umeme huu ni wa kupumulia, na jua halipo. Hawakubisha. Waliondoka mmoja mmoja mvuani. Augustin alibaki. Mama yake yuko Guadeloupe, kisiwa cha jirani, na kimbunga kilielekea huko.

"Bi Lorna," alisema, "mti ule niliukata mimi. Watu wameniuliza mpaka leo. Sijasema neno baya juu yako."

Nikamwambia siwezi. Akatikisa kichwa akaenda.

Nilipoingia ndani Evariste alikuwa amesimama, ameshika ukuta, mpira wa puani umevutika hadi mwisho wake. Alisikia yote. Aliniuliza simu moja inakula umeme kiasi gani. Nilimwambia simu moja ni kitu kidogo, lakini simu za kijiji kizima ni saa kadhaa za pumzi zake.

"Nipunguzie saa hizo," alisema.

Nilikataa. Tuligombana, kama watu wanavyoweza kugombana mmoja akiwa hana hewa ya kumaliza sentensi. Mwishowe alinyoosha mkono akazima mashine mwenyewe, akakaa, akanitazama. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Nikaenda kufungua geti.

18 Septemba

Wamekuja tena. Tumeweka utaratibu: asubuhi, Evariste akishapumua vizuri usiku kucha, anazima mashine muda ambao anaweza kuvumilia, na simu zinachomekwa kwenye soketi zote, sebuleni, jikoni, chumbani. Anaketi dirishani kimya, akivuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyetoka kukimbia, akiwatazama. Wao hawamtazami. Wanaacha vitu barazani: magimbi, mkungu wa ndizi mbichi uliookotwa kwenye matope, mshumaa. Augustin ameleta maji ya chemchemi kwa ndoo.

Nawachukia wakiwa wamesimama pale. Wakiondoka nawaonea huruma.

19 Septemba

Wingu.

20 Septemba

Wingu. Augustin amempata mama yake. Yu mzima. Kelvert hajaonekana wala kusikika, yule wa kuahidi. Nimemlaani kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni.

22 Septemba

Leo Sylvanie alikuwa kwenye foleni. Mwisho kabisa, nyuma ya watu ambao wengine aliwapakata wakiwa wachanga, amefunika simu yake kwa kitambaa isilowe. Jozelle na kichanga wako Roseau, na wanasema mto uliingia mjini. Siku zote hizi alikuwa hajui lolote, na hakuja.

Nilimwendea nikamwambia, "Wifi, njoo mbele."

"Nitangoja zamu yangu."

Akangoja mvuani mpaka zamu yake. Evariste alimwona kutoka dirishani. Ule muda wake wa kuzima ulikuwa umekwisha, nikataka kuwasha mashine, akaushika mkono wangu mpaka simu ya dada yake ilipojaa. Alipoachia, vidole vyake vilikuwa vya baridi kama samaki.

23 Septemba

Jozelle yu hai, na mtoto. Sylvanie alipanda kilima na kushuka na matope hadi magotini. Aliingia kwetu bila kubisha hodi, kwa mara ya kwanza tangu Juni, akavuta kigoda karibu na kiti cha Evariste, akamweleza: walikaa juu ya paa la jirani, wakapewa mkate na watu wasiowajua, mtoto hakulia hata mara moja. Evariste alicheka kidogo. Nilikuwa jikoni natengeneza chai. Nyumba ni ndogo na hawakujaribu kunificha.

"Nilimwambia umekubali," alisema Evariste.

"Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukumwambia Lorna kwamba sikukuuliza?"

"Mume aliyelala hajiwezi, halafu mkewe amwone mwongo? Ningepata nini mimi?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa," alisema. "Ningelia, ningekutukana, ningekukumbusha mama. Halafu ningemwita Augustin mwenyewe. Hukunipa nafasi ya kukupa, Evariste. Ulichukua."

Nilisimama mbele ya sufuria jikoni mpaka maji yakakauka.

24 Septemba

Miezi yote hii nimemwita mwanamke yule kigeugeu, mchoyo, mwenye roho ya kisasi. Nilimsema mezani kwangu, mbele ya mtu aliyejua ukweli na akaendelea kula. Kanisani nilinyoosha shingo. Nilimwambia, nikidhani atafarijika, kwamba mti wake ungeanguka hata hivyo.

Nimemwosha Evariste, nimembadilisha shuka, nimempa dawa zake kwa wakati. Sijamwambia neno ambalo si la lazima.

26 Septemba

Ameniuliza kama nitamsamehe. Nilimwambia anywe supu. Kifua kinakoroma. Nyumba nzima imeota ukungu, hata godoro, hata viatu. Muuguzi wa zahanati alikuja kwa miguu, akasikiliza mgongo wake, akamwachia vidonge, akaniita nje. Alisema angempeleka hospitali kama barabara ingekuwapo.

Nikamwuliza kama ni yale masaa ya kuzima. Akasema inaweza kuwa hayo, inaweza kuwa unyevu, inaweza kuwa mapafu yenyewe. Hakuna atakayejua.

28 Septemba

Sylvanie huja asubuhi, akakaa naye nikilala kidogo. Huzungumza naye kwa Kikrioli cha utotoni mwao, maneno mengine siyajui. Leo amewaambia watu wa foleni warudi kesho. Evariste akasema hapana. Wakabishana, na aliyeshinda ni yeye mgonjwa.

1 Oktoba

Jua.

Lilitoka juu ya bahari bila haya, kama halikuwa na kosa lolote. Watu walianika magodoro barabarani. Kufika mchana kisanduku cha ukutani kilionyesha betri zimejaa, zimejaa kabisa, mara ya kwanza tangu kimbunga. Nimewasha friji, feni, kila taa. Mashine inanguruma bila kuzimwa na simu zote ziko kwenye soketi. Sasa kila kitu kinatosha.

2 Oktoba

Jua. Amekula nusu ya kiazi. Nimemsomea gazeti kuukuu.

Nilitaka kumjibu leo lile swali lake la msamaha. Nilimtazama akiwa amelala nikasema nitamwambia akiamka. Alipoamka alikuwa na homa, nikashughulika na homa.

4 Oktoba

Evariste amefariki leo asubuhi, dirisha wazi, jua limejaa kitandani. Hapakuwa na upungufu wa kitu chochote. Mashine ilikuwa inafanya kazi, hewa ilikuwa inatoka, niliuweka mpira kwenye shavu langu nikaisikia. Yeye ndiye aliyeacha kuivuta.

Sylvanie alimfumba macho. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na nilimwambia. Sijui kama neno lilimfikia.

Foleni ilikuwa uani. Wakajua kwa namna tulivyonyamaza. Walichomoa simu zao moja moja, ambazo hazijajaa, wakatoka bila kelele.

7 Oktoba

Tumemzika. Barabara haijafunguliwa, hivyo hakuna jeneza la mjini. Augustin alitengeneza moja kwa mbao za nyumba zilizobomoka. Lilikuwa na rangi tatu, buluu, njano, nyekundu iliyopauka, na nilijua nyumba ambazo mbao zile zilitoka. Walimbeba juu kwenye kilima kwa zamu. Kaburini Sylvanie alisimama upande wangu. Hakunishika, lakini alisimama upande wangu.

8 Oktoba

Sikulala kitandani.

15 Oktoba

Hakuna cha kuandika.

21 Oktoba

Kelvert amekuja. Barabara imefunguliwa njia moja. Amekonda. Alisimama getini na mkoba wa vifaa, akaniomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa na maneno makali tayari, niliyatunza tangu Septemba.

Kabla sijayatoa alisema nyumba yao ilikuwa kando ya mto. Aliwatoa wanawe, akarudi kumchukua mama yake, na alipofika hapakuwa tena na mahali pa kurudi. Amekuwa akimtafuta kando ya mto hadi baharini. Hajampata.

Nilimkaribisha barazani, nikampa chai. Aliuliza mzee anaendeleaje, nikamweleza. Aliuliza kama umeme ulimwangusha. Nikasema hapana, umeme ulikuwapo. Alifunika uso kwa mikono yake. Baadaye alipanda paani, akakaza bolti zote, na sikuwa na moyo wa kumwambia hazina haja.

2 Novemba

Siku ya marehemu. Tumewasha mishumaa kilimani. Kutoka juu Lazare ni giza isipokuwa nyumba yangu, ambayo nilisahau kuzima taa.

9 Novemba

Dada yangu amepiga simu kutoka Kanada. Chumba kiko tayari, theluji ya kwanza imeanguka. Amesema kwa upole kwamba sasa hakuna kinachonizuia huku. Nilimwambia nitafikiri. Mashine nimeipeleka zahanati, ambako wamepata jenereta. Nilidhani nitaweza kulala bila mlio wake. Siwezi.

14 Novemba

Nilimwendea Sylvanie. Paa lake limetengenezwa, mabati ya msaada. Nilimwambia nataka Kelvert avute waya kutoka kwangu hadi kwake: taa, friji, chochote anachotaka, betri zinajaa kila siku na mimi ni mtu mmoja. Inasemekana umeme wa kijiji hautarudi kabla ya mwaka mpya.

Alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia.

"Sitaki taa ya mti ule nyumbani kwangu," alisema.

Nikasema nimeelewa. Nilimwambia pia kwamba nilimsema vibaya mezani kwangu miezi yote ile, na kwamba sikujua. Akasema anajua sikujua. Akasema hilo halimrudishii kitu. Nikasema najua. Nikarudi kwangu.

23 Novemba

Leo jua lilipokuwa linazama nilisikia geti. Sylvanie alikuwa amebeba kikapu cha mbaazi kichwani, mbaazi za kwanza tangu kimbunga, zile zilizoota upya zenyewe bondeni. Alikitua barazani kwangu, akavuta kigoda chini ya taa, akaanza kumenya. Kwake giza limeshaingia, alisema, na macho yake si ya zamani. Kuchukua waya hataki. Kukaa ni jambo jingine.

Nilisimama mlangoni.

"Sijakusamehe," alisema bila kuinua kichwa. "Wala yeye sijamsamehe."

"Hata mimi sijamaliza naye," nilisema.

Akamenya ganda moja, la pili, la tatu.

"Unaondoka lini?"

"Sijui, wifi."

"Basi usisimame hapo. Lete bakuli lako, hizi ni nyingi."